Taa inayowaka kwa mfuko wa mawe, ipo kweli au ni kamba za WhatsApp?

Mkinga wa Kariakoo

Wakuu habari za saa hizi. Kuna klipu nimetumiwa kwenye grupu la ukoo, jamaa ananing'iniza kidude cha plastiki kwenye boriti, anakifunga mfuko uliojaa mawe, anauvuta mpaka juu halafu anauachia. Mfuko unashuka taratibu mno, yani ukiuangalia unaona umesimama tu, na taa inawaka. Hakuna betri, hakuna sola, hakuna wese. Ukifika chini unaupandisha tena unaendelea na maisha.

Sasa mimi mama yangu yuko Makete, ndani ndani huko, nguzo za umeme wa vijijini za REA zimepita ng'ambo ya bonde na upande wetu tunaambiwa subirini awamu ijayo. Wanaoijua Makete wanaijua, mvua zikianza mwezi wa 11 huko mpaka zikatike mwezi wa 4 au wa 5 ukungu unakaa mpaka saa 5 asubuhi na kuna siku hauondoki kabisa, jua unalisikia kwenye redio. Nilimpelekea taa ya sola ile ya kubeba mkononi, kiangazi inapiga kazi fresh tu, masika ikiingia saa 2 usiku imezima na bi mkubwa anarudi kwenye koroboi. Mtu mzima wa miaka 70 na ushee, moshi wa kuni huo, juu yake moshi wa koroboi, asubuhi anapenga kamasi jeusi. Na mafuta ya taa yenyewe tangu ile 2011 walivyopandisha ushuru kuzuia uchakachuaji wa dizeli hayajawahi kurudi kuwa kitu cha mnyonge, kijijini wanapimiwa kwenye chupa ya soda bei ya kukata.

Kwahiyo naomba kujua, hiki kitu kipo kweli au ni magumashi, na kama kipo kinapatikana wapi hapa bongo, na kama hakipatikani fundi anaweza kuniundia kwa dainamo ya baiskeli na cheni? Na nisiwafiche mimi ni mfanyabiashara, kama ni kitu cha maana nasikia harufu ya kontena hapa.

Otis wa Siaya

Hiyo kitu ni ya ukweli ndugu yangu, haijaeditiwa. Inaitwa GravityLight. Walioitengeneza ni mabuda wawili wa London, Martin Riddiford na Jim Reeves, hao kazi yao ni kudesign vitu kwa kampuni inaitwa Therefore. Na story ilianza kichekesho kidogo, 2009 shirika la SolarAid liliwaambia watengeneze taa ya sola ya bei nafuu, wao wakakaa chini wakaona kinachofanya sola iwe ghali ni panel na betri, wakajiuliza aje tukitoa vyote viwili. Ndio wakaishia kwa mfuko wa mawe.

Mwisho wa 2012 wakaweka kampeni ya mchango kwa mtandao wa Indiegogo, waliomba dola 55,000 na wakapata karibu 400,000. Kila gazeti liliandika. 2015 wakachangisha tena ya model ya pili na hiyo plan ilikuwa iunganishwe hapa kwetu Kenya, na 2016 ikazungushwa sehemu nyingi za Kenya kwa udhamini wa Shell ikionyeshwa kwa watu usiku. Mimi niliiona hiyo demo na macho yangu, nilikuwa hapo mbele kabisa. Ile ya pili hauinui mfuko na mikono, kuna kamba ya shanga shanga unaivuta inapita kwa puli mfuko unapanda wenyewe, hata mtoto wa class 4 aliitwa akavuta. Ukiachilia unasikia gia zinalia chini chini, mwanga unatoka papo hapo bila kusubiri. Kuna na vitaa vidogo vya kuunganisha na waya unaweka pande ingine ya nyumba.

Mwanga wenyewe sasa. Ukikaa karibu unasoma kitabu vizuri na hakuna moshi, lakini usidhani ni stima, yani umeme wa nguzo. Watu walipiga makofi kwa sababu imewaka bila kitu chochote ndani, hio ndio ilikuwa maajabu, si ati nyumba imekuwa mchana.

Mama Kuku

Mimi siongelei fizikia, waachieni waliosoma. Naomba tu kuuliza huo mfuko una kilo ngapi na unashuka kwa muda gani? Maana kwenye hizi klipu anayevuta kamba ni kijana mwenye misuli, na taa inaonyeshwa sekunde 30 halafu mziki unaisha.

Otis wa Siaya

Mama ni kilo kama 12, unapanda kama mita 1.8 hivi, unashuka kwa dakika 20 mpaka 30 kulingana na vile umeset mwanga. Ukitaka mwanga mwingi unashuka haraka.

Mama Kuku

Haya asante baba. Kilo 12 ni sado mbili za mchanga mkavu. Kila baada ya nusu saa. Sasa fikiria huyo mama wa Makete, jikoni kuna chungu, mjukuu analia, ugali unataka mkono, taa inaanza kufifia uende ukavute kamba. Kuanzia saa 1 mpaka saa 4 usiku ni mara sita au zaidi. Na mtu akiumwa usiku wa manane? Ananyanyuka gizani anatafuta kamba kwa kupapasa. Halafu jambo ambalo hawa wabunifu wa London sijui kama waliliwaza, choo chetu kijijini kiko nje. Mazizi yako nje. Kuku wangu wako nje, nyoka na kicheche hawaniulizi taa yangu imefungwa kwenye boriti ya sebule. Koroboi na ubaya wake wote unaishika mkononi unaenda nayo.

Mjuba

Duh wabongo kwa kukatisha tamaa hatujambo. Mama Kuku kwa heshima zote, kuvuta kamba mara sita usiku ni kazi ya dakika moja kila mara, maji ya kisimani mnabeba debe zima kichwani mlima mzima hamlalamiki. Uzuri wa hii kitu ni kwamba HAIFI. Hakuna betri ya kuoza. Tuambiane ukweli, hizi sola tunazouziwa kila mtu ana makaburi yake kabatini, miaka miwili betri chali, unaitupa jalalani inaenda kwenye maji tunakunywa wenyewe. Jiwe haliishi chaji. Ukungu uwepo usiwepo jiwe linashuka. Kwa Makete hii ndio yenyewe, mkuu leta kontena mimi nachukua kumi za kuanzia.

mwl_fizikia

Nimeona nisipite kimya maana hapa ndio pa kutumia lile somo la sekondari watu wanaloliitaga la kukariri.

Kazi unayoifanya kuinua mzigo ni uzito mara kimo. Kilo 12 mara 9.8 mara mita 1.8, unapata kama jouli 212. Hapo ndio mwanzo na mwisho wa nishati yote iliyopo kwenye ule mfuko, hata uweke gia za dhahabu haiongezeki. Ukiigawa kwa dakika 30, yani sekunde 1,800, ni wati 0.12 hivi. Sehemu moja ya kumi ya wati. Mfuko unashuka milimita moja kwa sekunde ndio maana mtoa mada unaona umesimama, na ndani kuna gia zinazidisha hiyo milimita mpaka kijenereta kizunguke mara zaidi ya elfu moja kwa dakika. Kila gia inakula kidogo, jenereta inakula, kwahiyo kinachofika kwenye LED ni chini ya hapo.

Sasa kwanini inawaka? Kwa sababu LED za siku hizi hazina ulafi. Wati 0.1 kwenye LED nzuri ni lumeni (kipimo cha mwanga) kama 10, na koroboi ya utambi ni humo humo, tena mwanga wa koroboi unasambaa hovyo na kucheza cheza wakati wa LED unaelekezwa pale unapotaka. Kwahiyo hawa jamaa hawakudanganya. Walisema inashinda koroboi na ni kweli inashinda. Waliodanganywa ni wanaodhani "haitumii kitu" maana yake ni umeme wa bure wa kutosha. Taa inatumia mkono wako, na mkono unatumia ugali.

Na kulikuwa na mfano mbaya kabla yao. 2008 mhitimu wa chuo cha Virginia Tech kule Marekani, Clay Moulton, alibuni taa ya namna hii ya kusimama sebuleni akapata nafasi ya pili kwenye mashindano ya ubunifu New York. Ilitangazwa itawaka masaa manne kwa mwanga wa balbu ya wati 40. Watu wakatoa kalamu. Kwa mwanga huo kwa masaa manne, kwa mzigo unaoshuka mita moja na robo hivi, unahitaji kuinua kama tani 7. Fuso nzima sebuleni, kila jioni. Ilikuwa haiwezekani na ikajulikana haiwezekani. Hawa wa London walikuwa waungwana, walipunguza ahadi mpaka ikaingia ndani ya jouli 212.

Mjuba sasa nije kwako. Betri moja nzuri ya alkalaini, ile ndogo ya kuweka kwenye saa ya ukutani, ina kama jouli 10,000. Gawa kwa 212. Ni karibu kuinua mfuko mara 47, na hapo tumejifanya hakuna kinachopotea njiani. Yani betri moja ya kukunja ndani ya ngumi ni usiku nane wa mama kuvuta kamba.

Mjuba

Mwalimu shikamoo, hesabu nimeielewa. Lakini betri ya alkalaini anainunua tena na tena, jiwe halinunuliwi. Na bado hujajibu ukungu. Sola kwenye ukungu ni sifuri na sifuri mara chochote ni sifuri.

mwl_fizikia

Marahaba. Hapo ndipo wengi mnapoteleza, sio sifuri. Ukungu hauzimi jua, ungekuwa unazima mchana ungekuwa usiku. Unaona njia, unapalilia viazi, maana yake mwanga upo.

Chukua panel ndogo ya wati 3. Siku ya jua zuri tuseme inapata masaa manne ya nguvu kamili, ni wati-saa 12, ukizigeuza ni jouli 43,200. Sawa na kuinua mfuko mara mia mbili na ushee. Haya sasa ni masika ya Makete, ukungu mzito kutwa, panel inatoa sehemu moja ya kumi tu. Ni jouli 4,320, bado ni mifuko 20. Toa nusu inayopotea kwenye kuchaji na kutoa, bado ni mifuko 10, na hii hakuna aliyevuta kamba. Kwa mwanga ule ule hafifu wa wati 0.1 taa inawaka masaa sita. Kwa siku MBAYA.

Kwahiyo swali la mtoa mada linabadilika. Badala ya kuuliza nipate wapi mfuko wa mawe, uliza kwanini taa ya mama inazima saa 2 wakati hata kwenye ukungu ilitakiwa ifike usiku wa manane kwa mwanga mdogo. Hilo ni la mafundi, mimi naishia kwenye ubao.

Fundi Transfoma

Mwalimu umenipigia pasi nzuri. Mimi kazi yangu ni hizi hizi, naletewa kwa madebe kila mvua zikianza.

Mkuu hiyo taa ya mama nina uhakika ni ya aina ile panel imebandikwa mgongoni kwenye taa yenyewe, si ndio? Ile panel ina ukubwa wa kiganja, ni nusu wati, saa nyingine hata nusu haifiki wameandika tu. Kiangazi inatosha kwa sababu Makete jua likitoka ni kali na hewa ni baridi, panel inapenda baridi. Masika nusu wati ikigawanywa kwa kumi hamna kitu pale. Halafu nitakwambia jinsi inavyochajiwa, mama anaitoa asubuhi anaiweka dirishani ndani au chini ya upenu isilowe mvua. Chini ya upenu umeshapoteza nusu ya mbingu. Na haijafutwa vumbi tangu ulipoituma.

Pili betri. Nikifungua hizi taa nakutana na seli imeandikwa 9900 mAh (kipimo cha ujazo wa betri) kwa herufi kubwa, hakuna seli ya saizi ile duniani yenye hiyo, zuri kabisa ni 3500 hivi, na hizo za 9900 nikizipima nakuta mia nane, nakuta elfu moja. Ukiinyonya mpaka mwisho kila siku ya masika bila kuijaza inakufa kabla ya kiangazi kurudi. Mjuba hayo makaburi yako kabatini usiyatupe, asilimia kubwa panel nzima, LED nzima, aliyekufa ni seli tu. Lete.

Sasa kuhusu kuunda ule mfuko. Dainamo ya baiskeli SAHAU. Ile imeundwa kwa wati 3 na baiskeli ikimbie, ule msuguano wake tu unakula wati nyingi kuliko mfuko mzima unazotoa, utaning'iniza kilo 12 na haitazunguka hata kidogo, au ukiitia gia za cheni itakwama kwenye gia. Anayetaka kujaribu atafute stepa mota kwenye printa mbovu, ile inatoa volti hata ukiizungusha na vidole, aweke diodi nne za kunyoosha umeme na LED moja ndogo. Gia atoe kwenye hiyo hiyo printa. Itawaka. Dakika tatu nne hivi mfuko uko chini, maana gia za kuokoteza hazifiki ule uzidishaji aliousema mwalimu. Ni kitu kizuri kwa maonyesho ya shule.

Mkinga wa Kariakoo

Fundi umekuwa kwenye nyumba ya mama nini, upenuni ndio inapowekwa kweli na panel ni ya mgongoni. Sawa, nimeanza kupata picha.

Ila bado kwenye biashara sijaridhika. Kama kitu kilikusanya dola laki nne na kikazungushwa Kenya nzima mbona madukani hakuna? Mimi niko Kariakoo miaka yote hii, sijawahi kukiona hata kwa mchina, na mchina hakuna kitu hakopi. Kikikosekana kwa mchina mimi naogopa.

Otis wa Siaya

Hapo umeuliza swali la pesa na ndio swali la maana. Angalia tarehe. Kampeni yao ya kwanza ni mwisho wa 2012. Mwaka huo huo 2012 hapa Kenya M-KOPA ilianza, ile ya kulipa sola pole pole kwa M-Pesa, ulikuwa unaweka deposit halafu kama bob 50 (shilingi za Kenya) kwa siku, unapata panel kwa paa, taa kadhaa na kuchaji simu. Bob 50 ndio pesa watu walikuwa wanatumia kwa mafuta ya taa na kupelekea simu kuchajiwa kwa duka. Sasa kule London wametoa betri na panel kwa sababu ni ghali, na wakati bado wanapanga gia zao, panel zikashuka bei, betri za lithiamu zikashuka, na kulipa kukawa kidogo kidogo. Sababu yote iliyowafanya wachague mawe ikaisha polepole chini ya miguu yao.

Na kitu ingine ni simu. Mtu wa kijijini ukimwambia chagua mwanga ama simu ikae na chaji, wengi wanachagua simu. Mfuko hauchaji simu.

Wenyewe walielewa, si wajinga. Kampuni yao Deciwatt ilitoa kitu ingine inaitwa NowLight, hio ina betri ndani, unavuta kamba dakika moja unapata mwanga mpaka masaa mawili, inachaji simu na unaweza weka sola. Mawe wakayaacha kabisa. Walibaki na kamba tu.

mwl_fizikia

Niongezee kwenye simu. Kitochi cha betri ya 1000 mAh kinahitaji kama jouli 13,000, mifuko 60 na kitu bila kupoteza chochote, ukihesabu upotevu fanya 100 na zaidi. Simjanja ya 5000 mAh zidisha mara tano. Na angalia hiyo NowLight kwanini inaeleweka zaidi: mkono wa mtu ukivuta kwa nguvu dakika moja unaweza kutoa jouli elfu moja na zaidi, ila mfuko ukishafika juu umejaa, haupokei tena. Betri haijali umevuta saa ngapi, inatunza. Kosa la jiwe ni kwamba ni chombo kidogo mno cha kutunzia nishati. Ndio maana wanaotunza umeme kwa kuinua vitu wanainua maji ya ziwa zima kwenye mabwawa, na mita mia kadhaa kwenda juu, sio sado mbili kwenye boriti.

Mama Kuku

Mwalimu nimependa unavyoeleza, ningekuwa na mwalimu kama wewe nisingefuga kuku.

Natania, kuku wanalipa. Mkinga, mimi niko Rungwe ukungu naujua. Nitakwambia ninachofanya maana hapa mnaongelea masika kama hakuna anayeishi nayo. Panel iko juu ya bati, haishuki, waya unaingia ndani kwenye betri, taa tatu, moja bandani kwa vifaranga. Masika nawasha moja badala ya tatu. Na ile taa ina swichi ya mwanga mdogo, bonyeza mara mbili, wengi hawaijui, wanawasha mwanga mkubwa kuanzia saa 12 jioni na kulalamika saa 2. Mfundishe mama kuibonyeza. Na tochi ndogo ya mkononi ya kwenda chooni aiweke chini ya mto, isiguswe na wajukuu.

Ila Mjuba kuna pointi yako moja siipingi. Betri zikifa zinaishia shambani. Kwangu nimezikuta mbili nikiwa napalilia.

Fundi Transfoma

Mkuu nakuandikia kabisa cha kununua ili usizunguke, na wewe upo Kariakoo upo jikoni.

Panel wati 10, ya kioo, acha zile za plastiki laini. Unaweza kusema kumi ni nyingi kwa bibi mmoja, ndio, unanunua kwa ajili ya siku ya ukungu sio siku ya jua, kwa ile moja ya kumi ya mwalimu inabaki wati 1 ya kweli. Betri tafuta ya lithiamu ile ya fosfeti, volti 3.2 au pakiti ya 12.8, inavumilia miaka mingi kuliko seli za kuokota na haina tabia ya kuwaka moto. Mwambie muuzaji aipime mbele yako, akikataa hama duka. Kidhibiti chaji kiendane na aina hiyo ya betri, ukiweka cha betri ya asidi utaiua. Taa mbili za LED za wati 1 mpaka 2 zinatosha. Kwa matumizi ya mama hata mvua ikikaa wiki atakuwa na mwanga.

Kufunga: juu ya bati, pasipo na kivuli cha mti wala mgomba, panel iangalie KASKAZINI maana sisi tuko kusini ya ikweta, uiinamishe nyuzi 10 mpaka 15 mvua iwe inaisafisha yenyewe. Utakuta mafundi wanailaza tambarare, vumbi na kinyesi cha ndege vinakaa pale mwaka mzima. Waya wa kuingia ndani usiwe mwembamba.

Na nguzo zikivuka bonde kuunganishiwa umeme kijijini ni 27,000 tu, msiache kujiandikisha eti kwa sababu sola ipo.

Mkinga wa Kariakoo

Fundi ubarikiwe. Fosfeti nimeshaulizia mtaa wa nyuma hapa, mmoja amekataa kupima nikahama kama ulivyosema, wa pili amepima. Kaka yangu anapanda Makete wiki ijayo na lori la mbolea nampa mzigo. Kontena la mawe limekufa kifo cha kawaida, Mjuba pole kwa oda yako ya kumi.

Swali dogo la mwisho, panel ikiwa juu ya bati radi je? Kule kwetu radi sio mchezo.

Fundi Transfoma

Panel haiiti radi kuliko bati lenyewe linavyoita. Isizidi kilele cha paa, waya usipite karibu na anapolala mtu, na akiona mvua ya radi inakuja, kabla haijaanza, achomoe waya wa panel kwenye kidhibiti. Kama nyumba iko peke yake kwenye kilima hapo ni kufunga nguzo ya radi pembeni na kuzamisha fimbo ya shaba ardhini, nitumie picha ya nyumba nione.

Mjuba

Poa nimekubali kwa bibi. Ila mimi nina printa mbovu mbili nyumbani na mtoto yuko darasa la sita, naunda wikiendi hii. Fundi hizo diodi nne nachukua namba ngapi?

Fundi Transfoma

1N5819, usichukue 1N4007 zile za kila siku, zinakula volti nyingi na wewe volti zako ni za kuhesabu. Na mfuko usiuning'inize juu ya sehemu wanapokaa watoto, kamba ikikatika kilo 12 ni mguu wa mtu.